Betri Mupya ya Gari Yetu

Kisangani, tarehe 12 Agosti 1983

Bwana yangu, Papa Adeline,

Barua yako ya Ubundu imenifikia. Umesema niuze gari kwa sababu hutaki tena kuiona. Bon, leo muchuuzi mumoja wa mutaa wa Makiso alikuja kuitazama. Alipunguza bei sababu ya matairi, akapunguza tena sababu ya kutu. Halafu akafungua kapoti, kifuniko cha injini, akacheka: "Mama, betri iko mupya! Hapa naongeza."

Akauliza tuliinunua lini. Ningemwambia namna gani kama tuliinunua kesho yake ya ile usiku gari ilikataa kuwaka, na wewe ukamubeba mutoto wetu Adeline na baiskeli mpaka hospitali, mukafika amekwisha kufa?

Akaingia, akageuza ufunguo. Iliwaka mara moja.

Ni mimi, ningali Mama Adeline