Giaboksi ya Hiace kwenye Datsun ya Baba

S.L.P. 37,
Kasulu.
9 Agosti 2024

Mpendwa kaka Nurudini,

Asalaam aleikum. Mgongo unaendeleaje huko Tanga? Wifi Safina na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama kikohozi kimemwachia tangu mvua zikatike, na maharage ya Nyakitonto mwaka huu yamekubali.

Sasa nisikilize, usinikatishe kama unavyofanya kwenye simu. Ndiyo maana nimeandika.

Gari la baba halijauzwa na halitauzwa. Najua ulimruhusu baba mdogo Salumu awaite wanunuzi wa chuma chakavu. Walikuja na lori na minyororo. Nikafunga geti, nikasimama mbele yake.

Baba mdogo akafoka, "Swaumu, utaliendesha wapi gari ambalo giaboksi imesagika?"

"Nitalitafutia nyingine," nikamjibu.

Wakacheka wote, hata dereva wa lori. Lakini waliondoka mikono mitupu.

Nikaenda Kibondo kwa fundi Bazilio. Giaboksi za Datsun za miaka ile hazipatikani, tumeuliza mpaka Kigoma mjini. Yeye alikuwa na ya Hiace iliyopinduka. Akanionya kwamba haitaingia bila kukata na kuchomelea. Nikamwambia akate.

Akaja nayo hapa Kasulu, tukafanyia kazi uani. Akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na injini, akafupisha propela shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, akatoboa sakafu. Siku ya kulijaribu, gari lilinguruma kama linasaga mawe na gia ya pili ikawa inaruka. Baba mdogo akachungulia: "Si nilisema?" Sikufichi kaka, nililia nyuma ya jiko. Kisha nikanawa uso, tukaifungua upya. Bamba lilikuwa limekaa upande. Bazilio akalichonga tena.

Utasema si gari la baba tena, kwa kuwa gia ya kwenye usukani imeondoka na sasa inatokea sakafuni. Sema tu. Baba mwenyewe alibadilisha injini mara mbili, na sikukusikia ukimwambia kitu.

Na ile kauli yako kwamba gari limekufa kama mwenyewe, mama aliisikia. Usiirudie.

Jumanne nililipandisha mlima wa Muyama likiwa na magunia ya maharage. Gia ya pili ikashika, haikuruka. Kule juu nilipiga honi peke yangu kama mwendawazimu.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa kibarazani. Mama, ambaye hajaligusa gari lile tangu tumzike baba, akatoka amevaa khanga mpya. Akafungua mlango mwenyewe, akakaa.

"Tugende," akaniambia kwa Kiha chake.

"Twende wapi, mama?"

"Popote. Ila pita sokoni kwanza, wanione."

Tulizunguka soko lote, kaka, taratibu, vioo chini. Mama alikuwa akiwapungia watu mkono.

Nisalimie wifi Safina, watoto, na shangazi Asia akija kuwatembelea. Mwenyezi Mungu aupoze mgongo wako na akufungulie njia ya kuja. Ukifika stendi nitakuja kukuchukua mwenyewe. Utakaa upande wa abiria.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikikubishia,

Swaumu Hilali