Mpangaji Ndani ya Laptop ya Mama

Jumamosi, Riruta. Baridi imegoma kuondoka.

Jumatatu naanza kazi katika ofisi moja kule Spring Valley ambako kompyuta zote ni za Linux. Mimi nimezoea Windows tu. Kwa hivyo leo mchana niliazima laptop ya Mama ili nijifunze: niiweke Linux kama mashine pepe, yaani kompyuta nyingine inayoishi ndani ya hii.

Sasa, laptop hiyo ndiyo imebeba nyimbo za Kikamba ambazo Mama amekusanya kwa wazee wa kanisa na kuzichapa kwa vidole viwili. Baadhi ya wazee hao wameshatuacha. Nakala nyingine hakuna. Flash iliyokuwa nazo aliifua ndani ya mfuko wa aproni.

Mama akaketi kando yangu. Mambo yalienda sawa mpaka skrini ikaandika, kwa Kiingereza, kwamba sasa itafuta diski yote.

Mama akachomoa chaja.

Betri ya laptop hiyo ilikufa zamani, basi skrini ikazimika papo hapo. "Mutheu! Unataka kuniua?"

Niliogopa kuliko yeye, aki. Tulipoiwasha tena nyimbo zilikuwepo, lakini Mama hakutaka kusikia habari za kuendelea. Nikakumbuka vyumba anavyokodisha hapa kwenye ploti. "Mama, huyu Linux ni mpangaji. Nimempa chumba kimoja. Anachotaka kufuta ni hicho chake tu."

"Na ufunguo wa kwangu anao?"

"Hana. Hata hajui kuna nyumba ingine."

Nikamrudisha kwenye swali lile la kufuta. Akaweka kiganja juu ya kibodi, akaomba vile huombea kila kitu kipya hapa nyumbani, kisha akabonyeza mwenyewe.

Wee! Maandishi yakateremka, yakateremka, halafu ndani ya kidirisha kidogo kompyuta nzima ikaamka, na saa yake, na pipa lake tupu la taka, ikiamini iko peke yake duniani. Na kuna watu waliokaa wakaitengeneza, wakaitoa bure kwa yeyote! Nywele zilinisimama.

"Haiya," Mama akasema. Kisha akafungua nyimbo zake, akaziimba polepole kuanzia ya kwanza, kuhakikisha hakuna mstari uliopotea. Sikuwahi kuzisikia zote kwa mkupuo mmoja. Jamani, ni nzuri. Linux ilikuwa inaniuliza kitu, sikuijibu.

Kesho, kabla ya kanisa, nanunua flash mbili. Moja ya Mama, moja nitakayomficha Mama.