Unga Wangu na Mvua Yako

Baba Keza,

Usinitazame hivyo. Najua huko uliko hunitazami, lakini picha yako ya ukutani inanitazama, na ina kile kicheko chako cha mtu anayetaka kunieleza jambo ambalo sijamuuliza. Leo utanisikiliza wewe. Matanga yote nilikaa kimya. Watu walinishika mkono wakaniambia, "Ihangane, Mama Keza," nami nikavumilia kama walivyotaka. Sasa masika yamerudi na uvumilivu umeniishia. Barua hii naiacha wazi, atakayeisoma aisome, hata wale walimu wenzako waliosimama kaburini wakasema ulikuwa mtu mtaratibu. Mtaratibu! Wangekaa na wewe nyumba moja hapa Batsinda wiki moja tu, wangeongea mengine.

Tuanze na unga wangu.

Hata Keza alikuwa hajazaliwa. Nilitoka kibandani kwangu kushona, mvua inanyesha, nikamkuta mume wangu, mtu mzima na shahada yake ya fizikia, amesimama uani ameshika ungo wangu wa unga wa muhogo mvuani. Nikapiga kelele. Ukaniambia, "Subiri, mara moja tu!" Ukaurudisha ndani upesi, ukaanza kuuchekecha kwa chujio langu la chai. Unga ukapita, vikabaki vidonge vidogo vidogo. Ukaviweka kiganjani ukanionyesha kana kwamba umeniletea dhahabu. "Kila kidonge ni tone moja la mvua. Tazama kikubwa kuliko vyote, hakifiki hata njegere. Tone likitaka kunenepa zaidi, hewa inalipasua hukohuko juu. Ndiyo maana mvua haimuumizi mtu."

Nikakuuliza, "Na ugali wa jioni je?"

Ulikuwa hujaufikiria. Tulikula viazi. Na masika yaliyofuata ukafanya vilevile, na yaliyofuata tena, mpaka nikawa nikisikia ngurumo naficha unga kabla ya kuanua nguo. Niambie ni mwanamke gani mwingine Kigali nzima anayeficha unga mvua ikikaribia.

Ulinichosha, Baba Keza. Hatukuweza kupita ubao wa tangazo wenye picha ya tone la maji bila wewe kusimama njiani na kulalamika kwamba tone la mvua halina mkia. "Liko bapa chini, kama andazi! Nani aliwaambia lina mkia?" Watu wanapita, wanakutazama, mimi natazama viatu vyangu.

Halafu ukampata Keza, na hapo ndipo nikawa peke yangu kabisa. Nilirudi sokoni siku moja nikakukuta umepanda juu ya stuli yangu, mkono mmoja una mkasi wangu wa kukatia vitambaa, mwingine una kifungo cha shati. Mtoto amekaa sakafuni amefumba macho. Ukaviachia. "Umesikia sauti ngapi, Keza?"

"Moja!"

"Kwa hiyo?"

"Vimefika pamoja!"

Mkashangilia kama timu imefunga goli. Kizito na chepesi vinaanguka sawasawa, ukamwambia, kasoro hewa ikiingilia kati. Ukachukua na shifoni ya mteja, ya mteja jamani, ukaiachia ikashuka polepole inaelea, kisha ukaifinyanga donge, ikaanguka pu! Keza alicheka mpaka akapaliwa. Mkasi wangu ulipinda ncha. Mpaka leo unatafuna kitambaa, na kila ukitafuna nakutaja kwa jina lako lote.

Na lile la kutembea mvuani. Mji huu mvua ikianguka kila kitu kinasimama, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Mikutano inangoja. Harusi inangoja. Dereva wa pikipiki anakata kona anaingia kituo cha mafuta, na abiria wake anasimama naye chini ya paa, wageni wawili wanaongea habari za mpira mpaka kukauke. Ni kitu kizuri, mimi nakipenda. Wote tuliorudi kutoka nje tulijifunza haraka. Wewe ulikataa. Ulikuwa ukitoka kufundisha tuisheni Nyarutarama, dereva anakubembeleza, "Mwalimu, mvua iko mingi, tungoje kidogo," wewe unamshukuru, unamlipa, unaanza kutembea. Unapanda mlima na shati limekuganda mgongoni, chini ya mabaraza watu wanakuelekezea vidole. "Yule ni Mtanzania," wanasema. Tulilelewa wote Karagwe, na mimi mbona nilikuwa najikinga? Unaingia ndani unachuruzika, unanichafulia sakafu, unaniambia, "Maji tu haya, Mama Keza. Mvua haimuumizi mtu."

Ile Jumamosi uliyasema maneno hayohayo.

Mvua ilikuwa imeshapungua, manyunyu tu. Lile bati la jikoni lilikuwa limeng'oka msumari linapigapiga. Nilikuambia fundi amesema atakuja kukishakauka. Nilikuambia bati lina utelezi. Nilisimama pale chini ya ngazi nimeshika kiuno nikakuambia, "Kigali nzima inangoja, wewe una haraka gani?" Ulikuwa tayari una nyundo mkononi. Ulinigeukia na kicheko hicho hicho kilicho kwenye picha. Basi. Ukasema lako la mvua, ukapanda.

Mwanaume aliyejua kila kitu kuhusu kuanguka! Ungeniuliza mimi nisiyejua kitu, ningekuambia kwa neno moja: ngoja.

Ulianguka wewe na nyundo. Keza alikuwa mlangoni, na ulikuwa umemfundisha kuhesabu sauti. Akahesabu. Sikulijua hilo wakati ule, nilikuwa nakuita. Nimelijua mwezi huu.

Masika haya Keza akaanza kukataa shule. Mvua ikianza tu anaingia chini ya kitanda na vidole masikioni, na unajua kelele za bati letu. Mwanzoni sikushtuka, kwani nani anakwenda shule na mvua? Nusu ya darasa inakuwa haipo, na mwalimu haulizi. Mji mzima ulimfichia mtoto hofu yake bila kujua. Mpaka mwalimu wake aliponikuta njiani akaniambia kwa upole, "Mama Keza, hata siku jua iko, Keza haji. Anasema ameona wingu." Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani! Nikamfikiria akikua hivyo, anaishi chini ya kitanda, katika mji ambao unanyeshewa nusu ya mwaka.

Nikajaribu kila kitu. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunulia koti la mvua la manjano. Wamama wa kanisani walikuja wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Akawasikiliza kwa adabu, walipoondoka akarudi chini ya kitanda. Hakuwa ameuliza habari za Mungu.

Alhamisi iliyopita mvua ilianguka mchana ile ya kumwaga. Nikapiga magoti sakafuni nikamwambia, "Toka, mama. Mvua haimuumizi mtu. Si baba yako alikuambia?"

Akatoka. Akatoka kwa hasira ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. "Baba alinidanganya! Alisema vitu vyote vinaanguka sawa. Yeye na nyundo walifika pamoja, nilisikia, sauti moja. Basi mbona mvua inatoka mawinguni, mbali kule, inafika haina hata kidonda? Na yeye alitoka hapo tu! Hapo tu juu ya jikoni!"

Uko wapi, wewe mwanaume? Miaka yote ulinieleza mambo niliyokuwa sitaki, ninapika unaongea, ninashona unaongea, ninasinzia unaongea. Siku mtoto anapouliza swali la kwanza lenye maana kwangu, haupo. Mimi nashona sare za shule. Mvua ilikuwa inaponda bati juu yetu. Sijawahi kukukasirikia kama nilivyokukasirikia dakika ile.

Nikainuka nikaenda jikoni. Nikachukua ungo wangu. Nikamimina unga wa muhogo, ule mzuri wa Kabuga niliokuwa nimeuficha, ndiyo, naendelea kuuficha, sijui namficha nani. Nikatoka nao uani. Mvua ikanipiga kichwani, shingoni, kila mahali. Nikahesabu moja mbili nikarudi ndani, nikauchekecha kwa chujio la chai, na Keza amesimama ananitazama kama nimerukwa na akili.

Nikamwekea vidonge kiganjani. Maneno yalitoka yenyewe, yako yote, kumbe yalikuwa yamekaa humu miaka yote bila kulipa kodi. Nikamwambia tone kubwa haliwezi kufika chini, hewa inalipasua njiani, linafika vipande vipande, na kila kipande ni kidogo kiasi kwamba hewa inakishika, inakizuia kukimbia. Nikamchukulia na shifoni nikaiachia, ikashuka taratibu. "Baba hakukudanganya. Alisema kasoro hewa ikiingilia kati, unakumbuka? Vidogo na vyepesi hewa inaviweza. Baba yako alikuwa mkubwa, Keza. Alikuwa mzito. Hewa haikumweza."

Akavigeuzageuza vidonge kwa kidole. Akauliza, "Kwa hiyo ilijaribu kumshika?"

Baba Keza, hilo hukunifundisha jibu lake. Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukisema kila siku hata bila kuulizwa, kwamba hakuna kinachoanguka ambacho hewa haikizuii, hata kidogo tu, hata mkasi, hata jiwe. Nikamwambia, "Ilijaribu."

Akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia kaburini, nami nikalia naye, sakafu yote unga. Tulipomaliza alikwenda mlangoni akatoa mkono nje. Akauacha pale mvuani, kiganja juu, mpaka kikajaa.

Ijumaa asubuhi ilinyesha tena. Nikadhani atarudi chini ya kitanda. Alivaa koti la manjano akaondoka, anatembea katikati ya barabara, na chini ya mabaraza watu wote wamesimama wanamshangaa. Nilisikia jirani anasema, "Huyu ni wa mwalimu." Aliporudi aliniambia kwa uchungu kwamba alifika akakuta darasa tupu. Hata mwalimu wake hakuwepo, alikuwa amejikinga mahali anangoja mvua iishe.

Kwa hiyo sasa ninaye mwingine. Umeondoka umeniachia mwingine! Nimemwekea sharti moja, nimemwapisha mbele ya picha yako: barabarani atembee na mvua apendavyo, lakini juu ya bati hapandi mtu mpaka limekauka. Amekubali. Halafu akaniomba mkasi na kifungo.

Nimempa. Ncha imeshapinda, itapinda mara ngapi?

Nakuaga, mume wangu. Kuna wingu zito upande wa mlimani, na mwanao amesimama uani na ungo wangu. Unga sikuuficha.

Mkeo aliyekuambia ungoje,
Mama Keza