Samaki wa Mwaka Mpya wa Kichina, Nimempika Mimi

Jumatatu, Tororo. Kiangazi kimeshika, vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nanuka tangawizi kuanzia vidole hadi kiwiko. Nimekaa kwenye ngazi ya jiko la kambi, jua bado halijazama, naandika kwa simu.

Leo nimempika samaki.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni mzaliwa wa Nagongera, na huu ni mwaka wa tatu napika katika kambi ya mafundi wa Kichina wanaojenga barabara. "Napika" ni neno la kujisifu. Kazi yangu ni kumenya, kukatakata na kuosha. Anayepika ni Mzee Leung, mtu wa Kantoni, kusini mwa China, na karai lake halisogelewi na mtu. Kiswahili chake alikiokota upande wa Kenya akakimalizia huku kwetu, kwa hiyo anakosea kwa njia mbili.

Mwanzoni nilidhani watu wale hawana adabu. Nikiwamiminia chai, ile yao isiyo na maziwa wala chembe ya sukari, hawasemi asante. Wanagonga meza kwa vidole viwili, basi. Nilinuna mwezi mzima. Kumbe kule kugonga ndiyo asante yenyewe, ili mtu asikatize mazungumzo! Niliona haya. Tangu hapo naangalia kwa makini kila wanachofanya mezani.

Leo ni mkesha wa mwaka wao mpya. Ndiyo siku ambayo kila mtu kwao hurudi nyumbani kula na jamaa zake, na hawa kumi na wawili wangu hawakuweza kurudi. Kuku alikuwepo, uyoga ulikuwepo, tambi zilikuwepo. Lakini bila samaki mzima, kichwa hadi mkia, hiyo si karamu.

Jana mchana Mzee Leung alimwagikiwa na mafuta ya moto kwenye mkono wa kulia. Zahanati wakamfunga bendeji mpaka vidoleni. Aliporudi alisimama mbele ya karai, kisha akaniambia, "Mama Owor, kesho samaki ni yako."

Niseme ukweli, maana hapa sidanganyi. Nilimhurumia. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na kitu kinarukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Siku hii nimeisubiri zaidi ya miaka miwili.

Mungu anisamehe.

Asubuhi gari la kambi likanipeleka Busia. Nafula, Msamia wa kule mpakani anayeniuzia samaki wa ziwani kila wiki, nilikuwa nimempigia simu anitunzie ngege, yaani tilapia, mkubwa, mzima. Nafika, namkuta amempasua mgongo, amempaka chumvi, mkia hakuna. Kwake yeye mzima ni yule ambaye hajaoza. Nikamweleza kwamba kwa Wachina samaki asiye na mkia ni mwaka usio na mwisho mwema. Nafula hakubisha. Aliniachia meza yake niilinde, akavuka mpaka kwa miguu kwenda kwa wenzake wa upande wa Kenya. Nikauza dagaa wake kwa karibu saa nzima. Akarudi na ngege amefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, mashavu bado yanafunguka na kufungika.

"Dada, hii bado inakutazama," akasema. "Kimbia."

Nikakimbia.

Kwetu samaki hukaangwa mpaka akauke, au hulazwa kwenye mchuzi wa karanga mpaka alegee. Hatumwamini samaki ambaye hajateseka. Wakantoni humpika kwa mvuke tu, dakika chache, na ukipitiliza kidogo wanasema umemuua mara ya pili. Nilimlaza kwenye sahani juu ya tangawizi, nikaiweka ndani ya karai juu ya maji yanayochemka, nikafunika. Mzee Leung alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akisikiliza mvuke. Dakika ya sita mwili wangu wote uliniambia mbichi huyo, ongeza kuni. Dakika ya nane nikamtazama mzee. Mzee akatazama ukuta.

Nikafunua.

Jicho limekuwa jeupe, limetokeza. Nyama imeshikilia mfupa kidogo tu, kama inavyotakiwa. Nikamwaga maji yake, nikatandaza vitunguu vya majani, nikamwagia mafuta yaliyochemka, na ile sauti yake bado iko masikioni mwangu. Mwisho sosi ya soya, pembeni.

Meza ya kambi ina sehemu ya juu inayozunguka, mafundi waliichomelea wenyewe kwa beringi ya lori. Saa kumi na nusu wote walikuwa wamekaa, mashati safi, nywele zimechanwa. Nikamweka samaki katikati, kichwa kikimwelekea injinia mkuu, nikageuka kurudi jikoni, kwenye kigoda ninachokalia kula siku zote.

Mzee Leung akaniita. Alikuwa ameweka kiti cha kumi na tatu kando yake. Nikakaa, sijui mikono niiweke wapi. Akashika meza kwa ule mkono wake mzima, akaizungusha polepole. Kichwa cha samaki kikampita injinia, kikawapita mafundi, kikasimama mbele yangu. Injinia ndiye aliyenieleza kwamba samaki humwelekea mwenye heshima ya meza, na mpaka huyo aonje, hakuna anayegusa.

Watu kumi na wawili, mbali hivi na mama zao, wananingoja mimi.

Nikachukua kipande cha shavu. Kilikuwa laini, kitamu, nikakimeza pamoja na machozi. Mzee Leung akaonja baada yangu. Alitafuna taratibu, kisha akasema, "Mkono yangu ikipona, karai tunagawana."

Walimaliza kila kitu isipokuwa samaki. Nusu yake waliiacha, nikashtuka, nikadhani nimeharibu. Kumbe kwa lugha yao jina la samaki na neno lenye maana ya "ziada" husikika sawa, kwa hiyo lazima abaki, ili mwaka uingie ukute nyumba ina akiba.

Sasa yuko kwenye friji, nimemfunikia sahani. Kesho mwaka ukiingia, wa kwanza kumfunua ni mimi.