Papa, Padri Amekataa Fromaji Yako

Papa,

Kaa chini kwanza, baba yangu, kama huko mnakaa. Nina habari, na inakuhusu wewe na maziwa yako.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike hapa Lushebere. Kambi iko vilevile: matope, maharagwe, na majirani wanaosikia kila tunachosema ndani ya turubai. Nyumbani Bihambwe tulikokimbia hatujarudi. Mama ni mzima. Bado anasonga bugali ya kukutosha na wewe, halafu anatukasirikia sisi kwa sababu imebaki. Kazi yako ya ukatekista nimepewa mimi, binti yako. Usifikiri ni kwa ajili ya utakatifu wangu. Ni kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kusoma daftari lako. Mwandiko wako, Papa, hata wewe mwenyewe ulikuwa unausoma kwa kubahatisha.

Basi nikarithi wakatekumeni kumi na mmoja waliokuwa wanangoja ubatizo wa Pasaka. Nikafika kwenye somo la Utatu Mtakatifu, nikalifundisha kama ulivyolifundisha Bihambwe miaka yote. Unakumbuka. Ulikuwa unatoka kwenye kazi yako ya kutengeneza fromaji, mikono bado ina harufu, na unapanga mezani bakuli tatu: maziwa, mashanza yaliyochachuka, na kipande cha fromaji, maziwa yaliyogandishwa mpaka yakawa magumu. Unasema, tazameni, vitu vitatu, na vyote ni maziwa ya ng'ombe mmoja. Hivyo ndivyo alivyo Mungu. Halafu mnakula. Somo la amri kumi lilikuwa na watu wanne, lakini kwenye Utatu walikuja hata waliokwisha kubatizwa.

Mimi sikuwa na ng'ombe wala bakuli. Nilichora kwa makaa kwenye ubao, nikaeleza kwa maneno. Nilieleza vizuri mno. Nilipofika kwenye fromaji, jinsi ulivyokuwa unaipanga ghalani, jinsi inavyokatika kwa kisu, niliona macho ya watu yamelegea. Nilidhani ni Roho Mtakatifu. Ilikuwa njaa.

Kisha Padri akaja kuwauliza maswali kabla ya Pasaka. Huyu ni mpya, kijana, ana miwani na pikipiki, na anauliza kila mtu peke yake, mbele ya wengine wote. Akaanza na Mama Sifa, yule anayeuza chumvi karibu na bomba la maji. Akamuuliza, Mungu ni nani? Mama Sifa akajibu bila kusita: "Mungu iko fromaji, Padri."

Papa, nilitamani ardhi inifunike pale ulipo wewe.

Padri akamgeukia wa pili, na huyo akamsahihisha Mama Sifa kwa huruma kabisa. Akasema fromaji ni Roho Mtakatifu peke yake, Baba ni maziwa. Wa tatu akakataa, akasema Roho ni mashanza, kwa sababu mashanza inachachuka yenyewe bila mtu kuigusa. Wakaanza kubishana. Padri alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na haandiki kitu. Na nyuma kabisa Mzee Mbilizi, yule mwindaji mzee kutoka porini Walikale, akainua mkono akauliza kwa heshima fromaji ni kitu gani, maana tangu somo lile amekuwa akimwomba na hajawahi kumwona.

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Mimi pia nilicheka, nisamehe. Padri hakucheka. Alifunga karatasi zake akasema hakuna atakayebatizwa mpaka wafundishwe upya, na kwamba atarudi baada ya wiki mbili. Asiyejua siku hiyo, atangoja Pasaka ya mwaka ujao.

Halafu akaniita pembeni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema maziwa yakishakuwa fromaji, maziwa hayapo tena. Baba hageuki kuwa Mwana. Mwana hageuki kuwa Roho. Wapo wote daima, na ni Mungu mmoja. Alisema mfano wako ni kosa ambalo Kanisa lililikataa zamani sana, kabla hata mababu zetu hawajajua kukamua.

Nilirudi kwetu nikalala kifudifudi. Niliogopa kwa ajili ya wakatekumeni, hasa Mzee Mbilizi. Mkewe alibatizwa kabla hajafa, naye anataka azikwe upande uleule wa waliobatizwa. Kifua chake unakijua, kinakohoa kama chako kilivyokohoa. Pasaka ya mwaka ujao kwake ni mbali sana. Lakini niliogopa zaidi kwa ajili yako. Miaka yote ile ulimtumikia Mungu, ukafa jina lake likiwa mdomoni. Kama ulikosea jinsi alivyo, ulikuwa unamwita nani?

Sikumwambia Mama. Niliamua kutafuta mfano mwingine, mzuri kuliko wako, ili nikuokoe. Nikajaribu mafiga: mawe matatu, chungu kimoja. Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua hata kichwa. Akasema mafiga ni matatu kabisa, na chungu ni cha nne. Nikajaribu mtu mmoja ambaye ni baba kwa watoto wake, mtoto kwa wazazi wake na mume kwa mke wake. Mama akasema huyo ni wewe, na ulikuwa mtu mmoja tu, na hata huyo mmoja alikuwa hapatikani akihitajika kutengeneza paa. Nikajaribu mgomba na chipukizi zake. Akaniomba ninyamaze, maharagwe yanamchanganya.

Mwishowe nikamweleza yote, na kosa lako, na hofu yangu. Nilikuwa nalia. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Sasa we unasahau mwisho ya somo?" akasema. "Kisha kula, alikuwa anasema nini?"

Na hapo nikakumbuka, Papa. Mlipomaliza kula ulikuwa unafuta meza, unaondoa bakuli zote, unasema: "Ile ilikuwa maziwa. Sasa tupige magoti, tuongee na Mwenyewe." Na unapiga magoti, na hutaji tena maziwa. Unaongea naye kama mtu aliye mbele yako. Unamshukuru, unamlalamikia mvua, unamuuliza kwa nini Kaka yangu alikufa mdogo vile, halafu unanyamaza muda mrefu, sisi watoto magoti yanatuuma. Nilifundisha bakuli zote tatu, nikasahau kupiga magoti. Kosa la mfano lilikuwa lako. Hili lingine ni langu.

Siku iliyofuata niliwaambia wakatekumeni ukweli. Niliwaambia Baba, Mwana na Roho ni Mungu mmoja, si watatu, na si mmoja anayebadilisha nguo. Niliwaambia kwamba sijui inakuwaje, na kwamba Papa yangu hakujua, na kwamba Padri mwenyewe, pamoja na miwani, sidhani kama anajua. Kisha nikawapigisha magoti. Mama Sifa aliongea na Mungu muda mrefu kuhusu wateja wake. Mzee Mbilizi alipiga magoti ametulia tuli, ameinamisha sikio kidogo, mpaka wengine wote wakaondoka.

Padri akarudi. Kumi walisema maneno yote sawasawa, nafsi tatu, Mungu mmoja, na mashanza haikutajwa na mtu. Ilipofika zamu ya Mzee Mbilizi, maneno yakampotea. Alianza mara mbili, akakohoa, akaacha. Padri akamuuliza kama ameelewa. Akasema hapana. Nikaona Padri anaishika kalamu kama mtu anayetaka kufuta jina, na mimi nikasahau adabu, nikasimama niseme kitu. Mzee akanishika mkono nikae.

"Padri," akasema, "mimi nimezeekea mu pori. Nyama ya pori mwenye niliona yote, inje na ndani, njo ile nilishaua. Wenye bado wako wazima naonaka mukia tu, naona nyayo, nasikia majani inatikisika. Huyu Mungu nimemutafuta, siwezi kumuona yote. Njo maana najua iko muzima."

Hakuna aliyecheka. Padri alivua miwani, akaipangusa kwenye kanzu, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaandika jina, Papa. Aliliandika polepole, na alipoondoka na pikipiki yake alisahau kofia, ikabidi Mama Sifa amkimbilie.

Walibatizwa wote kumi na mmoja Pasaka. Maji yalitoka kwenye bidoni ya kuchotea bombani, baridi, na Mzee Mbilizi aliruka kidogo yalipomgusa kichwa, akasema afadhali yawe baridi hivyo, atakumbuka. Ameanza kuniuliza habari zako. Anataka kujua ulikuwa mtu wa namna gani. Nilianza kumweleza, nikaona kila ninachosema kinakosea. Nilisema ulikuwa mkali, nikakumbuka ulivyomlilia ndama. Nilisema ulikuwa mcheshi, nikakumbuka zile siku ulizokaa mlangoni hutaki kuongea na mtu, na hatukujua kwa nini, wala Mama hakujua.

Nimeacha kutafuta jinsi ya kukutetea. Huyo uliyekuwa unamwita anakujua kuliko unavyomjua, na mfano mbaya haukumzuia kusikia. Mimi naendelea na kazi. Kila Jumapili nitawaambia yale Kanisa linayosema, bila kupunguza, kisha nitafuta ubao na kuwapigisha magoti.

Lala salama, Papa yangu. Mama anakusalimu, anasema paa linavuja.

Na neno moja langu mwenyewe. Wanawake wa kambini wananiambia sasa ni miezi saba, nijipe moyo, nikubali umekwisha. Lakini yako mengi kwako ambayo bado sijayaelewa, Papa. Nakuahidi sitafanya haraka kuyamaliza.

Ni mimi, binti yako,
Furaha