Neno keep na mbegu za Mama

Jumanne, mwezi wa tisa, Lushebere. Mvua imeanza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa haijakata. Shitingi inayofunika kibanda chetu imelegea upande wa mlango. Nimeweka beseni hapo, na kila nikitulia nasikia matone. Moyo wangu mzito. Leo nimefanya jambo ambalo nilikuwa na hakika nalo saa nane mchana, na jioni hii sina hakika na chochote.

Nianze na asubuhi, maana asubuhi nilikuwa bado mtu mwenye akili.

Unajua, shajara yangu, kwamba hapa kambini nafundisha Kiingereza chini ya mabati ya kanisa. Kule kilimani kwetu nilikuwa mwalimu wa sekondari, na ubao wangu mwenyewe. Hapa ubao ni mlango wa zamani uliong'olewa sijui wapi, na wanafunzi ni watu wazima wanaoota kupata kazi kwenye mashirika. Leo niliwachagulia neno dogo, keep. Nilidhani tutalimaliza upesi tuendelee na mengine.

Nikawaambia keep ni kutunza kitu. Wakaandika. Halafu nikaona siwezi kuishia hapo, kwa sababu mtu aki-keep ng'ombe anawafuga, na aki-keep ahadi ameitimiza. Keep quiet, nyamaza. Keep going, endelea tu hata kama miguu inauma, na hilo wote walilielewa bila maelezo. Hata maziwa yana keep yao: yakikaa bila kuchacha, yame-keep. Na ukimshika mtu asiende mahali penye hatari, hapo pia neno ni lile lile.

Sifa, anayeuza unga wa muhogo sokoni na kuja darasani na mtoto mgongoni, aliweka kalamu chini. "Mwalimu, hawa Waingereza iko bavivu. Neno moja njo linafanya kazi yote hii?"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi yao wote, na kilikuwa kicheko cha mtu ambaye mawazo yake hayapo. Lile keep la mwisho lilikuwa limenikwama.

Mama ana mfuko wa mbegu za maharage. Ni mchanganyiko, nyeusi, njano na zile zenye madoa, kama mama yake alivyokuwa akizipanda, na amezichanganya na majivu ili wadudu wasiziguse. Siku tulipokimbia aliacha sufuria kubwa na blanketi mbili. Mfuko aliufunga mgongoni kwa kitenge, akateremka nao mlima mzima. Tumelala njaa hapa siku nyingi tu, tumekula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi, na hakuna aliyethubutu kuutazama ule mfuko. Kwetu mtu akila mbegu zake, majirani wanajua hategemei tena kurudi msimu huo. Hawamwambii neno, lakini wanajua.

Jumapili, mvua ya kwanza ilipokaza, Mama alisema Alhamisi atakwenda juu na wanawake wengine. "Tutaotesha, tutashuka. Mbegu haiwezi kungoja." Alisema huku anasuka ukindu, bila kuinua macho, na mimi nikajua ameshaamua.

Wenye silaha bado wako kule. Kila mtu anajua. Mwezi wa tano kaka yangu Jacques alikwenda juu na wenzake kung'oa mihogo. Walisikia risasi, wakatawanyika, kila mmoja akatafuta njia yake ya kushuka. Wenzake walifika. Jacques hakufika. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yuko hai. Tunasema jina lake kwa sauti ya kawaida, kama la mtu aliyechelewa sokoni.

Sasa nimpoteze na Mama kwa ajili ya maharage?

Nilimbembeleza Jumapili, nikamkasirikia jana. Aliendelea kusuka ukindu wake. Leo nilipotoka darasani alikuwa kwenye shamba la watu, anawaotesha wao maharage yao ili apewe kitu cha kutia chunguni. Mfuko ulikuwa mahali pake, nyuma ya jerikani. Nikaona jambo liko wazi kabisa. Bila mbegu, hana safari. Nimezunguka na neno moja asubuhi nzima, na hapa ndipo nilipotua: nikitaka Mama abaki, mbegu zisibaki.

Nilizimwaga kwenye beseni. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu, ya pili hivyo hivyo. Mkono ulisita nilipoona zile za njano, kwa sababu Mama huzisemesha zile kuliko zote. Lakini sitaki kujipamba. Nilisita kidogo tu, nikawasha moto.

Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza, nikalia machozi ya moshi, nikachanganya humo na machozi mengine maana hakuna aliyekuwa ananihesabia. Jirani alichungulia mlangoni, akanusa, akaangalia pale nyuma ya jerikani, akaondoka bila kunisalimia.

Mama aliingia jioni, amelowa, jembe begani. Harufu ilikuwa imejaa kibanda chote. Nilikuwa nimeandaa maneno, tena ya kutosha, ya kwamba mbegu hutafutwa na mama hatafutwi. Alifunua chungu, akaangalia muda mrefu.

"Ulitia chumvi?"

Nikasema bado. Akatia mwenyewe, akaonja, akakaa kwenye jiwe lake. Hakulia wala hakunigombeza. Nilipumua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilihisi njaa. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani nimeshinda, na niliona aibu kufurahi hivyo mbele ya uso wake.

Akapakua sahani tatu.

Moja akanipa. Moja akaweka mapajani pake. Ya tatu aliijaza kuliko zetu, akaisukuma upande wangu. "Hii iko ya Jacques. Siku ya ine nitamupelekea. Funika muzuri." Siku ya ine, yaani Alhamisi ile ile.

Nilimwambia mbegu zimekwisha, anaenda kufanya nini kule. Alitafuna kwanza. Akaniangalia bila hasira, kama anavyoniangalia nikiwa na homa.

"Maharagi ilikuwa ya kuambia batu."

Akaendelea kula. Akala mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kidole, akalala na nguo zake mbichi. Mfuko mtupu ameukunja chini ya kichwa.

Mimi bado nimekaa hapa, simu inayonimulikia inakaribia kuzima. Nimepika kitu pekee alichokibeba kutoka kwao, na bado anakwenda. Nilisoma miaka yote ile, ninaweza kusimama mbele ya watu na kulifungua neno la kigeni mpaka ndani, na nimeishi na mama yangu chini ya shitingi moja tangu mwezi wa tano bila kuona alichokuwa anakitunza. Mimi nilihesabu mbegu. Yeye alikuwa anamngojea mtoto wake, na kungoja kumemshinda.

Ningekuwa na ujasiri wa kumuuliza Jumapili, angeniambia? Au na mimi nilihitaji iwe ni safari ya maharage, ili nisilazimike kusema jina la Jacques pamoja na neno lile tusilolisema nyumbani?

Sahani iko karibu na mguu wangu, imefunikwa. Leo ni Jumanne. Maharage yaliyopikwa hayafiki Alhamisi bila kuchacha. Mama alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa, na amenikabidhi mimi.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitayachemsha tena. Na kesho jioni. Alhamisi alfajiri nitayachemsha mara ya mwisho, niyafunge kwenye jani la mgomba, niyabebe mwenyewe. Sifa na wenzake watanikosa darasani. Mama atatangulia, kwa sababu ndiye anayejua njia ambayo Jacques alipenda kupita. Mimi nitakuwa nyuma yake.