"Toka kwa Kiti": Nani Alitukanwa kwenye Matanga ya Mama Sara?

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hugues Lifoko. Umri: miaka 54. Kazi: mchambuzi wa muziki redioni na mwandishi wa makala. Makazi: komini ya Tshopo, Kisangani.

Nimekuja kwa hiari yangu, kwa sababu Ruphin amefungwa kwa tusi ambalo hakulitamka, mahali ambapo hakuwepo.

Ruphin ni mwimbaji wa bendi ya punk rock ya Lubunga: gitaa la kelele, ngoma za hasira, wimbo unaisha hujakaa vizuri. Mwaka jana alitoa "Toka kwa Kiti". Kiitikio chake ni hiki: "Toka kwa kiti, umeikala sana!" Hakumtaja mtu, ndiyo maana kila mtu aliuchukua. Kwaya ya akina mama ya Mangobo iliupunguza mwendo, ikamfukuza nao Shetani. Mashabiki wa mpira walimfukuza nao kocha, naye akaondoka kweli. Kisha fanfare, zile tarumbeta za misibani, zikaupiga bila maneno kabisa.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, alasiri, nilikuwa Mangobo kwenye matanga ya Mama Sara, aliyekuwa mwanakwaya. Kwetu fanfare hupiga wimbo alioupenda marehemu, na watu wote husimama kucheza kwa heshima yake. Alphonse, mkuu wa fanfare, aliuliza wapige upi. Patricia, binti wa marehemu, alijibu, "Papa Alphonse, piga ile ya Shetani."

Chef wa mtaa, yaani kiongozi wake, mgeni aliyeletwa hapa juzijuzi, alikuwa ndiyo kwanza ameketi mbele. Tarumbeta zikalia. Tulisimama wote. Yeye hakusimama, nadhani hakuna aliyemweleza desturi. Akina mama waliimba "Shetani, toka!" Vijana waliimba "Toka kwa kiti!" Mzee mmoja nyuma alimtaja kocha. Katikati ya watu waliosimama, mtu mmoja tu alikuwa kitini.

Fanny, mwanakwaya, alimwinamia: "Chef, simama basi, wimbo iko inakuita!"

Watu walicheka, hata wafiwa. Chef aliondoka bila kuaga, akaenda kushtaki kwamba wimbo umemtukana, na kesho yake Ruphin alikamatwa.

Naomba iandikwe hivi hivi: mtu akisikia jina lake katika wimbo usiomtaja, aulizwe yeye amelisikiaje, si mwimbaji.

OPJ, afisa wa upelelezi anayeandika maelezo haya, ameniuliza Ruphin alimkusudia nani. Hata mimi nilitaka kujua, nikamuuliza jana mahabusu. Alicheka. "Tonton Hugues, bon, batteur wetu, ule mupiga ngoma, alikuwa anakatala kuachia mwenzake kiti ya batterie. Njo ile tu."

Nimeandika makala tatu kwamba huu ni wimbo wa mapinduzi. Sifuti hata mstari mmoja. Mwimbaji anajua alikoutoa wimbo; unakokwenda hajui.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimeyakubali, na nimesahihisha koma mbili.

Sahihi: H. Lifoko

Maelezo ya OPJ Rachida Salumu: Shahidi alizungumza kwa sauti ya juu lakini kwa adabu. Nilipomsomea kiitikio ili athibitishe maneno, polisi wawili wa zamu barazani walikipokea, mmoja kwa mwendo wa kwaya, mwingine kwa mwendo wa uwanjani. Niliwauliza walikuwa wanamwimbia nani. "Hakuna mutu, chef," walinijibu pamoja, haraka mno. Nimependekeza Ruphin aachiliwe leo.